Ukuta Uliosiribwa Kabla ya Wageni

Nyie mlioanza juzi kazi ya kupima udongo na zege mna swali lenu moja, wala hamlichoki. Mkinikuta sokoni, mkinikuta msibani, shikamoo haijaitikiwa vizuri tayari mmeshauliza: "Mama Sefu, katika majengo yote uliyofanyia kazi, lipi unalikumbuka zaidi?" Mnatega masikio mkitegemea nitaje hospitali, au daraja, au shule ya ghorofa. Ninalolikumbuka zaidi ni lile ambalo halikujengwa. Ukienda kulitafuta leo pale Nyamisangura, hapa hapa Tarime, utakuta kiwanja kimelimwa mahindi, na mwenye mahindi hatajua unatafuta nini.

Leo nitawasimulia, ila msinikatize. Nimestaafu mimi. Subira niliyokuwa nayo niliiacha maabara pamoja na koti langu.

Kwanza mjue kazi yenyewe, maana wengine mnadhani kupima ni kubonyeza mashine. Mpimaji huletewa mchanga, kokoto, udongo, tofali, akaulizwa swali moja tu: hiki kinafaa au hakifai? Wenzako wanachora, wenzako wanajenga, wanapiga picha na utepe unakatwa. Wewe umekaa pembeni na neno lako moja. Ukisema ndiyo, hakuna anayekukumbuka. Ukisema hapana, mkandarasi hakusalimii mpaka Idi mbili zipite. Nimewahi kunyimwa lifti na mtu niliyekataa kokoto zake, mvua inanyesha, na gari lake tupu. Alipunguza mwendo nimwone vizuri, kisha akaenda zake.

Aliyenifundisha ni Mzee Nyamhanga, Mkurya wa Turwa, mwili mdogo, sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Mimi ni mtoto wa mjini, baba yangu alikuja Tarime kutoka Tanga akashona kanzu na suruali za watu mpaka alipozikwa. Udongo niliujua kwa kuufagia tu. Siku ya kwanza mzee akanipa kidonge cha udongo mkononi akasema, "Tafuna." Nikamtazama. "Tafuna, binti, haukuui." Nikatafuna. Mchanga, alinieleza, unasaga meno. Mfinyanzi unanata kwenye ulimi, hautaki kutoka. Tope lile laini halifanyi lolote, linakaa tu kinywani kimya kama mkwe mgeni, na hilo ndilo la kuogopa kwa sababu likizidi kwenye tofali, tofali linayeyuka.

Baada ya meno ndiyo chupa. Unatia udongo, maji, chumvi kidogo, unatikisa kwa nguvu, unaiacha itulie. Mchanga unatangulia chini, tope linafuata, mfinyanzi unakaa juu, nawe unasoma tabaka zako kwa rula. Nilikuwa nazipanga dirishani. Siku moja dereva mmoja aliyechoka na safari aliingia maabara, akaichukua moja niliyotoka kuitikisa, akapiga mafunda mawili. Alipokaa sawa akaniambia kwa upole sana, "Dada, togwa yako imeharibika." Sikuwa na moyo wa kumweleza. Mpaka leo namwombea.

Halafu kuna ile ya Sirari. Mfanyabiashara mmoja wa ng'ambo ya mpaka alileta lori la mchanga, akashuka anatabasamu. "Madam, hii mchanga iko sawa kabisa. Haina shida. Haki ya Mungu." Mzee Nyamhanga alichota gao moja la kiganja, akalisugua kwenye leso yake nyeupe, akaikunjua. Leso ilikuwa nyekundu kwa udongo. "Bwana mkubwa," akamwambia, "Mungu umemtia kwenye matope bure." Lori likarudi lilikotoka. Kisha mzee akanigeukia mimi: neno la mtu linafaa kwenye harusi, kwenye ukuta pima. Nililishika hilo, likanifaa, na siku moja likaniumiza. Siku hiyo ndiyo mnayoiuliza.

Miaka ya karibuni, nikiwa nakaribia kustaafu, alikuja kwetu mhandisi kijana anaitwa Lukas, mtoto wa Mwanza, mrefu, mwenye haraka ya kuongea. Alikuwa na ramani ya jengo la ofisi la ghorofa tatu, likae Nyamisangura, katikati ya maduka. Ofisi za mawakili, chama cha ushirika, bima, benki ndogo, wote ndani. Lakini lilikuwa jengo la namna ambayo hatujaiona. Matofali yake ni ya udongo wa Turwa, unashindiliwa kwa mashine ya mkono na kuanikwa, hakuna kuchoma, kwa hiyo hakuna mti unaokatwa. Vyumba vyote vinapitiwa na upepo, hakuna kiyoyozi hata kimoja. Paa linavuna mvua, maji yanakwenda vyooni na kwenye miti ya uani. Alivyokuwa akieleza, ungedhani jengo linapumua.

Nilimcheka kidogo, halafu nikautafuna udongo wake. Ulikuwa udongo mzuri. Nikautia kwenye chupa, ukawa mzuri zaidi. Hapo nikaacha kucheka, nikaanza kulitaka lile jengo. Nisiwafiche, nililitaka sana. Nilitaka kabla sijarudisha funguo nisimame mbele ya ghorofa tatu za udongo wa kwetu niseme, hili nililipima mimi.

Wafadhili hawakuwa watu wa kuamini maneno, na sikuwalaumu. Walisema hivi: jengeni ukuta mmoja wa majaribio hapo hapo kiwanjani, upande mmoja utazame ziwani mvua inakotoka, uachwe mtupu, bila plasta, bila rangi, bila dawa, masika yote. Yakiisha, tutakuja wenyewe. Ukiwa mzima, hela ya msingi inatoka. Ukiwa umeliwa, au ikiwa hamna la kutuonyesha, kuna mji mwingine unaongoja jengo hilo hilo. Hakukuwa na nafasi ya pili.

Lukas aliikataa kazi ya Dodoma kwa ajili ya ukuta ule. Vijana wa Turwa, kiongozi wao akiitwa Marwa, walijifunza kushindilia matofali kwa bidii ambayo sijawahi kuiona, maana walijua jengo likikubaliwa wao ndio watakaolishindilia tofali kwa tofali. Wakaujenga ukuta wenyewe, kimo cha mlango, upana wa kitanda cha watu wawili. Mimi nikavuta kamba mbele yake kati ya nguzo mbili za chuma, na kila mvua kubwa ikipita nilikuwa napima pengo kati ya kamba na uso wa tofali. Pengo likikua, ukuta unaliwa. Masika karibu yote pengo halikukua. Nilikuwa narudi nyumbani naimba, mume wangu akawa ananishuku.

Mlinzi hatukuweka. Nani aibe ukuta?

Sasa niwape mtu mmoja muhimu. Kiwanja kilipakana na boma la Mama Bhoke, mjane wa Kikurya wa rika langu, mwenye ng'ombe wake wanne ambao mji umewazunguka lakini haujawaondoa. Tulizoeana. Nilikuwa nikimaliza kupima ananiita kunywa maziwa, na kila nikinywa ananiuliza jambo lile lile.

"Mama Sefu, huu ukuta wenu mtauvika lini?"

"Hauvikwi, dada. Tunataka tuone utavumilia."

"Unyeshewe hivyo hivyo, uchi?"

"Hivyo hivyo."

Alikuwa anatikisa kichwa. "Hata mbuzi tunamwingiza ndani."

Tulikuwa tunacheka. Mkitaka ushauri wa kazi, chukueni huu: ukiacha kitu nje kinapimwa, usichoke kuwaeleza majirani, tena uwaeleze mpaka wakueleze wewe. Mama Bhoke tulimweleza. Alielewa kwamba tunafanya vituko vya wasomi, na kwamba vituko vya wasomi vina mwisho. Na mwisho wake, kwa akili ya mtu yeyote wa kwetu, ni siku wageni wanapokuja.

Maana kwetu wageni wakitarajiwa, iwe ni sherehe ya tohara, iwe ni ng'ombe wa mahari wanaletwa, mwanamke anaamka mapema anasiriba nyumba. Samadi mbichi, majivu, udongo laini, kwa kiganja. Hata nyumba iwe mpya inasiribwa. Mgeni akikuta ukuta uliopigwa na mvua, anajua hakusubiriwa.

Wageni wakatangaza siku. Lukas, mtoto mwenye adabu, akaenda kwa Mama Bhoke kumwomba awapikie. Alinieleza baadaye alivyomwambia: "Mama, wageni wanakuja kuutazama huu ukuta. Tusaidie tusiaibike."

Jioni ya kuamkia siku hiyo ikaja mvua ya mawe. Nyie mnaijua ya Tarime, inapiga bati mpaka unamwona mtu anafungua mdomo na humsikii. Masika yote hatukuwa tumepata kama ile. Lukas akanipigia. "Mama, unaisikia?" Nikamwambia hata wafu wanaisikia. "Utahimili?" Nikamwambia asubuhi tutapima. Nilikaa kitandani nikisoma dua zote ninazozijua, na mume wangu akauliza tangu lini dua inasomewa matofali.

Kulipopambazuka nilikuwa njiani na rula yangu. Mvua ile ndiyo ilikuwa mtihani wenyewe. Ukuta uliopita pale, hakuna mvua nyingine ya kuutisha. Nikakata kona ya duka la vifaa, nikaangalia kiwanjani, nikasimama.

Ukuta ulikuwa na rangi ya kijivu, umeng'aa, mbichi. Mistari ya vidole imekwenda kwa mizunguko mizuri, sawasawa, toka juu mpaka chini. Harufu ya zizi ilinifikia nilipokuwa bado barabarani. Sihitaji kuelezwa mkono wa mtu. Ile mizunguko niliiona kila siku kwenye nyumba ya Mama Bhoke nikinywa maziwa.

Nikakimbilia bomani kwake. Hakuwepo. Mtoto wa jirani akasema amekwenda sokoni kutafuta nyama ya wageni.

Lukas alifika akakaa chini kwenye nyasi zilizolowa, na suruali yake ya wageni. Marwa na wenzake wakaja wamevaa fulana mpya. Wote wakasema pamoja.

"Tuoshe," Lukas akasema. "Mama, bado mbichi. Tuoshe haraka."

Nilichukua mwiko nikabandua kipande kwenye kona, polepole, kwa ujuzi wangu wote. Tofali lilikuwa limelowa na mvua ya mawe, nayo samadi ilikuwa imeshakamatana nalo. Kipande kilitoka na punje za uso wa tofali. Nikabandua kingine, vivyo hivyo. Sikujua tena kipi kimeliwa na mvua na kipi nimekiondoa mimi. Nikaweka mwiko chini. Ukiharibu ushahidi kwa haraka yako, hata ukweli ukiwepo huupati tena. Nikawaambia mtu asiuguse.

Simu ya Lukas ikalia. Wageni walilala Mugumu, walitaka kuona wanyama wa mbugani kwanza. Dereva wao anasema wametoka.

"Tuwaambie ndiyo ulivyojengwa," Marwa akasema. "Nani atajua? Wanapenda mambo ya asili hao."

Lukas alinitazama. Hakuniomba kitu. Lakini macho ya kijana aliyeacha kazi Dodoma nayajua, na nilitaka kulia. Simu ikalia tena, wamepita Nyamongo. Marwa akasema, "Mama, jengo letu hilo." Alilisema kwa sauti ya chini, bila ukali wowote. Ni heri angenitukana.

Gari mbili ziliingia. Kiongozi wa wageni alikuwa mama mmoja wa Dar es Salaam, mtu wa makamo, miwani inaning'inia kifuani, mpole. Akasalimia kila mtu kwa mkono. Akaufuata ukuta. Nikaona uso wake unafunguka.

"Jamani! Hii rangi!" Akaweka kiganja kwenye ile mizunguko. Wenzake wakatoa simu, picha, picha. "Hamkutuambia una urembo huu. Na ile mvua ya jana imeufanyaje? Tulikuwa na wasiwasi sana kule Mugumu."

"Huo ni umaliziaji wa…" Lukas akaanza. Akakwama.

Watu wote wakanigeukia mimi. Yule mama akafuata macho yao. "Wewe ndiye mpimaji?"

"Ndiye mimi." "Mama, mpaka juzi ukuta huu ulikuwa mtupu na mzima, vipimo ninavyo. Jana ikapiga mvua ya mawe. Leo alfajiri, kabla sijafika, umesiribwa kwa heshima yenu. Baada ya mvua ile mimi sijauona."

Nilisikia pumzi za vijana nyuma yangu zikitoka. Mmoja akasonya.

Yule mama alivaa miwani. Hakukasirika. "Nani aliuona?"

Na hapo ndipo Mama Bhoke alipotokea kwenye uwazi wa ua, kitenge kipya, kilemba kimekaa, mabakuli mawili yenye mifuniko mikononi. Kucha zake zilikuwa bado na kijani. Akatazama ukuta, akanitazama mimi, akangoja shukrani. Sitausahau ule uso. Alikuwa amefurahi.

"Karibuni wageni," akasema. "Chakula kiko tayari."

"Asante mama, tutakula. Wewe ndiye uliyeusiriba?"

"Ndiye mimi. Hatuwezi kuwapokea na ukuta hivi hivi."

"Umependeza sana. Sasa tusaidie. Kabla hujausiriba, uliuona. Mvua ilikuwa imeufanya nini?"

Mama Bhoke akainamisha macho. Furaha ikamtoka usoni. "Karibuni chakula."

"Mama, ukuta ulikuwaje?"

"Nyumba haisemwi mbele ya mgeni."

"Mama Bhoke," Lukas akasema, "sema tu. Ulikuwa mzima?"

"Lukas mwanangu, umenisikia."

"Mama, sema!" Huyo ni Marwa. "Neno moja tu!"

"Mura," akamwita, kama Wakurya wamwitavyo kijana wao, "usinipigie kelele mbele ya watu."

Hapo naomba mnielewe vizuri. Mwanamke anayesiriba nyumba ya watu ameiona uchi: nyufa, mashimo ya panya, sehemu iliyolainika. Akitoka hapo hasemi. Hasemi baya, na hasemi zuri pia, kwa sababu ukilisema zuri la nyumba hii leo, kesho ukinyamazia nyumba ya pili watu watajua ina nini. Mama Bhoke alilelewa hivyo na amewalea binti zake hivyo. Angeulizwa habari za ikulu angenyamaza vile vile.

Nikamweleza yule mama. Nilieleza kwa bidii, mpaka nikajisikia mwenyewe nimekuwa mtetezi, nami sikuzoea kutetea. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, taratibu tu:

"Mama, nakuelewa. Lakini jibu hili lingeletwa maabara kwako, ungelipokea?"

Nikatafuta namna ya kusema vingine, sikuipata. "Nisingelipokea."

"Basi unajua hali yangu."

Wakala. Ndiyo, walikula, maana Mama Bhoke alikuwa ameshapakua, na nyama ilikuwa tamu. Lukas alishika kipande kimoja cha ugali mpaka kikapoa mkononi. Walipoondoka yule mama alisema watapiga simu. Mkiona mtu mkubwa anaaga kwa kukushika mkono kwa mikono miwili na hatazami usoni, jueni simu yenyewe itakuwa ya namna gani.

Mlio wa magari haujapotea, Marwa akamgeukia Mama Bhoke. "Huyu mama katumwa. Katumwa na wauza saruji."

"Mura, mama yako alipougua nilikunywesha maziwa ya ng'ombe wangu huna jino hata moja. Leo nimetumwa?"

"Si ungesema! Si ungesema basi!"

Wengine wakaja juu. Mawe ya msingi yalikuwa pale karibu, na mimi naijua Tarime yangu, hatua ya kutoka kwenye kelele mpaka kwenye jiwe ni fupi. Nikaenda nikakaa mlangoni kwa Mama Bhoke, chini kabisa, miguu nimeinyoosha, nikawaambia anayetaka kuingia aniruke mimi mtu mzima mbele ya mama zake. Walinitukana kidogo. Mmoja akasema hata mimi ni wale wale, ningenyamaza lingejengwa. Na ilikuwa kweli. Lukas ndiye aliyewaondoa, mmoja mmoja, akiwashika mabega, na yeye mwenyewe machozi yanamtoka.

Mama Bhoke hakunisemesha. Kwake yeye, nilikuwa nimemtaja mbele ya wageni. Asubuhi yake aliwakabidhi ng'ombe kwa shemeji yake akapanda gari la Mugumu kwenda kwa binti yake aliyeolewa Kisaka.

Simu ilikuja baada ya wiki kadhaa. Jengo limehamia mji mwingine. Lukas alinieleza kwa maneno machache akaniambia Dodoma bado wanamtaka, anaondoka. "Mama, ulifanya sawa," akasema. Nilimwambia asiniambie hivyo. Hakuna siku nimejisikia vibaya kwa kufanya sawa kama siku ile.

Nikaenda Kisaka. Sikwenda kupima kitu, nilikwenda kumrudisha jirani. Nilimkuta Mama Bhoke uani kwa binti yake anapeta ulezi. Aliniona, akaendelea kupeta. Nikavuta kigoda nikakaa. Nikachukua ungo wa pili nikapeta na mimi, vibaya, kwa mkono wa mtoto wa mjini, mpaka akashindwa kuvumilia akaninyang'anya.

"Unamwaga chakula cha watu."

"Nimekuja kukuomba radhi, na kukuomba urudi. Vijana wametulia. Marwa mwenyewe ndiye anayewakatia ng'ombe wako majani."

Akapeta mara mbili. Kisha, "Jengo?"

"Halijengwi tena."

Aliuweka ungo chini. Niliona limemgonga, kwani hakuwa amejua.

"Mama Bhoke," nikasema, "wale wageni wameshakwenda, hawarudi. Mimi si mgeni."

"Wewe si mgeni."

"Basi niambie. Asubuhi ile ulikuwaje?"

Alipangusa mikono kwenye kanga. "Ulikuwa mzima."

"Mzima namna gani?"

"Mzima. Nilipitisha kiganja toka juu mpaka chini kabla sijaanza. Hakuna kilichodondoka. Hata pembe zake zilikuwa kali, zilinikwaruza."

"Unasema hivyo unifariji."

Hapo akakasirika kweli. "Nikufariji? Mavi ya ng'ombe wangu nayapeleka shambani, majirani wananiomba nawanyima. Ungekuwa mbovu ningeyapoteza hapo? Ukuta mbovu hausiribwi, Mama Sefu. Unabomolewa."

Nikajifunika uso na ushungi, nikalia pale uani kwa watu, mtu mzima, mbele ya binti yake na wajukuu zake.

Alinivumilia kidogo, halafu akanisukuma bega. "Sasa unalia nini? Si nimekuambia ulikuwa mzima?"

"Hicho ndicho ninacholilia," nikamwambia.